Mtoto wa Mjakazi na Maswali Mengine Yenu

Swali: Mwanangu alifariki akiwa na siku nne, hajabatizwa. Shemeji yangu alinipa pole, kisha akasema tuombe tu, kwa kuwa hajui mtoto yuko wapi. Silali. Yuko wapi?

Jibu: Pole sana, mama. Shemeji yako hakulitoa wazo hilo hewani. Mwanzoni mwa karne ya 5, askofu Augustino wa Hipo alifundisha kwamba mtoto anayekufa bila ubatizo amebeba dhambi ya Adamu, hivyo anaadhibiwa, japo kwa adhabu nyepesi kuliko zote. Wengi hawakuweza kulimeza hilo. Katika Zama za Kati wanateolojia wakaja na limbo, mahali pasipo mateso, lakini pia pasipo kumwona Mungu. Limbo haikuwahi kutangazwa kuwa fundisho la lazima, ila wazazi wengi walizika watoto wao wakiwa na picha hiyo kichwani.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 haitaji limbo kabisa. Inawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na inamkumbuka Yesu aliyesema watoto waachwe waje kwake. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia, huko huko Vatikani, ikaandika kwamba zipo sababu nzito za kutumaini kuwa wanaokolewa. Tumaini, hawakusema hakika, nami sitakudanganya kwamba walisema zaidi. Lakini Mungu wa kumlaumu mtoto wa siku nne eti maji yalichelewa, mimi simjui. Katika Injili sijamkuta.

Swali: Tangu nianze kuugua, wenzangu wa kikundi cha maombi wananisisitiza nitubu dhambi iliyofichika. Nimetubu kila ninachokumbuka. Kimebaki nini?

Jibu: Hakijabaki kitu, ndugu yangu. Acha kujichimba. Mnara wa Siloamu ulipoangukia watu 18, Yesu aliuliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, akajibu mwenyewe: sivyo. Wanafunzi walipotaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata yule mtu akazaliwa kipofu, ni yeye au wazazi wake, aliwakatalia yote mawili.

Kisha kuna Ayubu, mtu mwema aliyepoteza wanawe, mali na afya. Marafiki zake watatu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizomfaa. Walipofungua vinywa wakaanza kumwambia yale yale unayoambiwa wewe. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, akasema hawakunena yaliyo sawa kumhusu kama alivyonena Ayubu. Na Ayubu alikuwa amenena nini? Alikuwa ameilaani siku aliyozaliwa na kudai Mungu amjibu.

Neno moja kwa wale wanaokwenda kuhani misiba: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" aliyasema Ayubu mwenyewe, juu ya wanawe mwenyewe. Hakuna aliyemwendea na kumwambia.

Swali: Mungu aliufanya moyo wa Farao kuwa mgumu, kisha akamwadhibu kwa ugumu huo huo. Haki iko wapi?

Jibu: Wahubiri wengi hujibu kwa kuhesabu mapigo kumi yaliyoipata Misri Farao alipokataa kuwaachia Waebrania, watumwa wake, na hesabu yao ina ukweli. Katika mapigo matano ya kwanza, Farao mwenyewe ndiye anayeshupaa. Ni baada ya majipu, pigo la sita, ndipo tunasoma kwamba Bwana aliufanya mgumu moyo wake. Lakini Musa alikuwa ameshaambiwa hivyo kabla hata hajarudi Misri (Kutoka 4:21), kwa hiyo hesabu haimalizi mambo. Paulo naye analileta swali lako katika Warumi 9, na anajibu kwa mfinyanzi na udongo wake: udongo haumhoji aliyeufinyanga.

Mimi anayenikaba si Farao. Pigo la mwisho lilikuwa kifo cha wazaliwa wa kwanza, na Kutoka 11:5 inamtaja mjakazi aliye nyuma ya mawe ya kusagia, na mzaliwa wake wa kwanza. Mwanamke huyu hakumtumikisha Mwebrania yeyote. Yeye mwenyewe alitumikishwa, mikono imejaa unga, na usiku ule alilia pamoja na jumba la kifalme. Nimesoma maelezo mengi juu ya mstari huo, hakuna lililonitosha. Ibrahimu alimwuliza Mungu, kwa ajili ya Sodoma, kama Mhukumu wa ulimwengu wote hatatenda haki. Akaomba mji usamehewe wakipatikana humo wenye haki 50, akapunguza hadi 10, wala hakukemewa. Basi nami namwulizia mjakazi yule. Bado naomba, na bado nauliza.

Swali: Muuaji akitubu dakika ya mwisho anaingia mbinguni sawa na mimi niliyetumika miaka 40?

Jibu: Ndiyo. Katika mfano wa Yesu, wale wa shamba la mizabibu walioanza kazi alfajiri walinung'unika kama wewe walipoona waliokuja jioni wanalipwa sawa nao, na mwenye shamba hakuwapunja hata senti. Ila swali ambalo ningependa kulisikia ni la ndugu za aliyeuawa. Msamaha wa Mungu hauwalazimu wao kunyamaza, wala haumwondolei muuaji deni lake kwao. Zakayo, mtoza ushuru, alipotubu alisema aliowadhulumu atawarudishia mara nne.

Swali: Je, ninalipia dhambi za babu yangu?

Jibu: Hapana. Soma Ezekieli 18 yote.

Swali: Nimemkasirikia Mungu hata siwezi kuomba. Ni dhambi?

Jibu: Dada, Zaburi ya 88 iliandikwa na mtu wa hali yako. Analia mchana na usiku, anamwuliza Bwana mbona anamficha uso wake, na haigeuki kuwa shangwe kama zaburi nyingine. Inaishia gizani. Waliokusanya Zaburi waliiona ikiwa hivyo na hawakuiongezea mstari wa kufariji. Usiku ukishindwa kuomba, isome hiyo kwa sauti, na ukifika mwisho, funga kitabu.