Okidi za Kitulo na mvuke kwenye lenzi

Mdogo wangu, umesema picha za maua ya okidi ulizopiga kwenye Hifadhi ya Kitulo, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, zimetoka hafifu, na lenzi ikajaa mvuke ulipofika nyumbani. Mvuke huo si ubovu wa lenzi. Kule juu, mita 2,600 hivi, kamera inapoa sana. Ukiingia nayo chumba chenye jiko la mkaa, unyevu wa hewa unatua kwenye kioo. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla hujaingia, uiache humo hadi ipate joto la chumba. Na nakuomba, usiifute kwa kanga wala shati! Vumbi la barabara zetu lina chembe za mchanga zinazokwaruza kioo. Lipulize kwanza kwa kipulizio cha mpira, ndipo ufute kwa kitambaa laini cha lenzi.

Kuhusu fokasi, yaani kulenga lenzi ili picha iwe wazi, kwenye ukungu kamera huhangaika kwa sababu haioni mpaka kati ya mwanga na giza. Weka fokasi ya mkono, kuza picha kwenye skrini, zungusha pete ya lenzi hadi ncha za petali zionekane wazi. Upepo ukitikisa ua, subiri. Mimi hukaa hata robo saa kwa ua moja.

Filta, kioo cha kufunga mbele ya lenzi, nunua ya polaraiza, ile inayopunguza mng'ao. Izungushe taratibu uone mng'ao wa majani yenye umande unavyopungua na kijani kinavyokolea. Inakula mwanga, kwa hiyo jioni ivue.