Babu Mmoja, Bibi Mbalimbali: Kabla ya Mahari, Uliza Habari za Bibi

Juzi dada mmoja wa Tandahimba kaniandikia. Kaposwa, mahari imeshatajwa, ndipo shangazi yake anasema yeye na kijana babu yao mmoja, bibi mbalimbali. Je, ni ndugu?

Ni ndugu, ila wa nusu. Mabinamu wa babu na bibi wale wale huchangia, kwa wastani, asilimia 12.5 ya vinasaba. Nyinyi ni 6.25. Sheria ya Ndoa ya 1971 haikumweka binamu kati ya wasiooana. Uislamu unaruhusu, ilimradi hamkunyonya ziwa moja. Mkiwa Wakatoliki muoneni paroko mapema, kwani binamu huhitaji ruhusa ya Kanisa. Na mkapime selimundu. Mkiwa wabebaji wote wawili, yaani mna kinasaba chake bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua.

Haya nayajua kwa sababu yamo nyumbani kwetu Newala. Baba alimuoa binti wa shangazi yake. Watu wengine wana wazazi wa babu na bibi wanane, mimi ninao sita. Nilipochora ukoo kwenye manila, matawi mawili yalirudi yakashikana.

Aliyenisaidia ni bibi yangu mdogo. Alikuwa mkekani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Namuuliza habari za babu, yeye ananijibu kwa wanawake: hawa wa nyumba kubwa, hawa wa nyumba ndogo, hawa wa ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka hakutaja hata mmoja. "Huyu alizaliwa kaka yake yupo jandoni," basi.

Hiyo nyumba ya ng'ambo ndiyo iliyoniponza. Mjomba alinifokea mbele za watu, eti nafukua makaburi. Neno lile bado linaniuma, sifichi. Lakini posa ilipokuja nyumbani mwaka jana, nani alitumiwa bodaboda aje na manila yake? Na mjomba ndiye aliyeishika ncha ili wazee wasome!

Vijana wenzangu, mnawajua wachezaji wa akiba wa Simba na Yanga, bibi mzaa baba jina lake hamlijui. Andikeni bibi. Ukiandika babu peke yake, wajukuu wote wanaonekana wa nyumba moja. Mwandike bibi, na kwao alikotoka. Nasema tena, bibi!

Sasa wewe dada, rudi kwa shangazi umuulize: hao bibi wawili wenyewe walikuwa nani kwa nani? Wapo wazee waliofiwa na mke wakapewa mdogo wake. Ikiwa ni dada wa tumbo moja, ile 6.25 inapanda hadi karibu 9.4. Na kama wewe na kijana mmezaliwa na mabinti zao, kwa mila zetu za kufuata upande wa mama nyinyi ni ukoo mmoja, na wazee hawatakubali. Muulize kabla mahari haijapokelewa.