Watu wanahama, kisha mto unafurika: programu itajuaje kipi chanzo?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta hapa Kisumu. Natengeneza programu ya kutabiri mafuriko ya Mto Nzoia kule Budalang'i. Nimeipa vipimo vya kina cha mto na jumbe za simu za wakazi, kila moja na saa yake. Sasa inashikilia kwamba watu kuhamia shuleni ndiko kunakoleta mafuriko, kwa kuwa kuhama hutangulia. Je, nikiongeza data itajirekebisha?

JIBU: La, haitajirekebisha. Ongeza data utakavyo, kosa litabaki lilelile, ila programu italishikilia kwa uhakika zaidi.

Anza na saa zenyewe. Mkazi akiandika "maji yameingia bomani saa mbili usiku", anamaanisha 20:00. Programu isiyofundishwa itasoma 2:00. Vipimo vya mto navyo, vikirekodiwa kwa saa za UTC (saa za kimataifa), viko nyuma ya saa zetu kwa saa 3. Changanya hayo mawili na utaona maji yanaingia nyumbani kabla mto haujapanda! Halafu weka safu mbili: saa tukio lilipotokea, na saa ujumbe ulipokufikia. Aliyelala juu ya tuta la kuzuia mafuriko na simu isiyo na chaji atakuandikia kesho yake.

Pia, mengi unayorekodi ni vipindi vyenye mwanzo na mwisho, wala hayatoshi kwenye saa moja. Mtafiti wa akili bandia James Allen alionyesha mwaka 1983 kwamba vipindi viwili vyaweza kuhusiana kwa namna 13: kimoja kutangulia kingine, kugusana nacho, kupishana nacho, kuwa ndani yake na kadhalika. Mvua ya vilima vya Cherangani, mto unakotokea, haijaisha na tayari kipimo cha mto kule Rwambwa kinapanda, huku Budalang'i jua linawaka. Huko ni kupishana, na ukiandika saa moja tu umeshapoteza kupishana huko.

Kuna pia hali zinazoendelea kimyakimya. Jumatatu umeambiwa barabara imekatika, Jumanne hakuna ujumbe. Imefunguka? Kwa hili napenda mtindo wa wanasayansi wa kompyuta Robert Kowalski na Marek Sergot wa mwaka 1986: tukio huanzisha hali, na hali hudumu mpaka tukio jingine liikomeshe. Kwa maji mimi huongeza kikomo cha muda, maana hupungua bila mtu kukumbuka kutuma ujumbe.

Sasa tuje kwenye chanzo. Kipimo cha mwanauchumi Clive Granger cha mwaka 1969 huuliza kama kujua yaliyopita ya jambo moja kunaboresha utabiri wa jingine. Kuhama kwa watu kutapita mtihani huo vizuri sana, kwa sababu kweli kunasaidia kutabiri. Kwa hiyo kama unataka kutabiri tu, usiifute safu hiyo. Tatizo litakuja siku afisa wa kaunti atakapouliza, "Tukiwahamisha watu mapema, itakuwaje?" Programu yako itamjibu kwamba mafuriko yataongezeka, na kwamba dawa ni kuwazuia watu wasihame.

Mwanasayansi wa kompyuta Judea Pearl ndiye aliyelipa jambo hili hesabu yake: kuona jambo likitokea na kulifanya wewe mwenyewe ni vitu viwili. Chora mishale, kila mmoja ukitoka kwenye chanzo kwenda kwenye matokeo yake. Mvua ya milimani inaelekea kina cha mto. Kutoka kina toa mishale miwili, mmoja kwenda mafuriko, mwingine kwenda tangazo la chifu. Tangazo nalo linaelekea kuhama. Kutoka kuhama hakuna mshale unaorudi mtoni. Kujibu swali la afisa, futa mshale unaoingia kwenye kuhama, weka mwenyewe "wamehama", kisha kokotoa kwa kufuata mishale iliyobaki. Uwezekano wa mto kufurika unabaki palepale. Wanaopungua ni watu walio hatarini.

Mishale hiyo unaichora kutokana na unayoyajua juu ya mto na watu wake. Data unayo kwa ajili ya kuihoji mishale hiyo. Mchoro huu unadai kwamba kina cha mto kikishajulikana, kuhama hakukuongezei habari yoyote juu ya mafuriko. Lipime dai hilo kwenye data yako. Nashuku litaanguka, kwa sababu wakazi wa kando ya tuta huona ufa au maji yakivuja chini yake wakati kipimo cha mto hakionyeshi lolote la kutisha, na wanaanza kubeba magodoro bila kumngoja chifu. Kama ndivyo, hali ya tuta ni chanzo ulichokiacha nje: kinatoa mshale kwenda mafuriko na mshale kwenda kuhama. Kifungulie safu yake, yenye saa ya kuanza na ya kuisha, na katika jumbe zako ongeza swali la pili: tuta likoje leo?