Mwalimu Anajibu: Mbona Ramadhani inatembea na Kwaresima haitembei?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Baba yangu ni Mwislamu, mama ni Mkatoliki. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia 18 Februari, na Ramadhani ikaanza siku hiyo hiyo kwa wengine, kwa wengine kesho yake. Lakini nikiwa mtoto Ramadhani ilikuja mwezi wa kumi, na Kwaresima ilikuwa palepale ilipo sasa. Mwenzangu kazini ni Myahudi, naye anasema wao wanafunga siku moja tu. Nani amekosea hesabu?
– Msomaji wa mifungo miwili

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hesabu ziko sawa zote. Dini hizi tatu zinautazama mwezi mmoja, ila kila moja imeamua lake kuhusu jua.

Mwezi ukiandama mara 12 unapata siku 354, mara nyingine 355. Jua linataka 365. Hizo siku 11 zinazopelea ndizo zinazokusumbua.

Waislamu wameziacha zipelee. Waarabu wa kale walikuwa na tabia ya kuisogeza miezi mitukufu kwa manufaa yao, na Kurani, katika Sura ya Tauba, ikaikataza na kusema miezi ni kumi na miwili. Ndiyo maana Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na kuzunguka mwaka mzima kwa miaka kama 33. Mimi naona kuna haki ndani yake: anayeishi kaskazini ya mbali hafungi mchana mrefu wa kiangazi maisha yake yote. Babu yangu alikuwa akinibeba begani jioni ya tarehe 29 Shaabani nimtafutie mwezi kwa macho yangu mapya. Mwaka mmoja nikapiga kelele nimeuona. Kumbe waya wa umeme ulimetameta.

Wayahudi hawawezi kuacha hivyo. Torati inataka Pasaka yao iwe katika mwezi wa Abibu, shayiri inapotoa masuke. Pasaka ikihama, shayiri haitaingojea. Kwa hiyo wanaongeza mwezi mzima, mwaka ukawa na Adari mbili, mara 7 katika kila miaka 19.

Wakristo wamesimama juu ya mabega ya hao. Yesu alisulubiwa wakati wa Pasaka ya Wayahudi, basi Pasaka ya Kikristo nayo haiachani na mwezi mpevu. Baada ya Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 325, kanuni iliyokuja kushika ni hii: Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Hesabu siku 46 kurudi nyuma, unafika Jumatano ya Majivu. Toa Jumapili sita, zinabaki 40. Hivyo Kwaresima ya mama haiwezi kuanza kabla ya 4 Februari wala baada ya 10 Machi. (Waorthodoksi wengi wanatumia kalenda ya zamani, usije ukawabishia.)

Mwenzako naye kakupunja kidogo. Siku ya Upatanisho, Yom Kippur, ndiyo kubwa: kama saa 25, toka jua kuzama hadi usiku wa kesho yake, bila chakula wala tone la maji, na viatu vya ngozi havivaliwi. Lakini zipo nyingine, kama Tisha b'Av, ya kulilia Hekalu lililobomolewa.

Mama yako, kwa sheria ya Kanisa, amewekewa siku mbili tu za kufunga chakula, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili na miwili midogo, kwa wenye miaka 18 hadi 59. Usimcheke mbele ya baba. Siku nyingine za Kwaresima anajinyima kwa namna yake.

Mwakani jiandae tena: Ramadhani inatarajiwa 8 Februari hivi, Majivu ni tarehe 10. Mwaka 2028 zitaachana mwezi mzima. Na mwaka 2030 baba ataanza Ramadhani mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba.