Qigong kwa mama mwenye magoti mabovu

Dada umeuliza kama mama yako anaweza kufanya qigong, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa taratibu na pumzi, na magoti yale, anaweza kabisa, aanze na Baduanjin, yale mazoezi 8 ya kusimama ambayo Wachina wanayo tangu enzi za utawala wa kifalme wa Song, zaidi ya miaka 700 iliyopita, na mpaka leo asubuhi kwenye bustani zao utakuta wazee kibao wanayafanya. Robo saa inatosha. Kubwa ni pumzi, avute kwa pua taratibu mpaka tumbo litoke, mikono ikipanda anavuta ikishuka anatoa, asiibane hasa kama ana presha. Lile zoezi mojawapo la kuvuta upinde kama amepanda farasi asichuchumae sana, akunje magoti kidogo tu au akae kwenye kiti. Na dawa za hospitali asiache jamani, nakusihi.