Mtoto wa miezi 9 ana kilo 11: unene wa utotoni unaanzia wapi

Dada mleta mada, umeeleza kwamba mwanao wa kiume alizaliwa na kilo 3.0, sasa ana miezi 9 na kilo 11. Ananyonya usiku tu kwa kuwa umerudi kazini, na mchana dada wa kazi anampa uji wa lishe kwa chupa mara nne, kila chupa na vijiko vitatu vya sukari. Bibi yake anasema hiyo ndiyo afya. Jirani anasema ni urithi, kwa sababu na wewe una mwili. Unauliza chanzo ni nini na kama umpunguzie chakula. Usimpunguzie. Badilisha chombo na kilichomo ndani yake, nitaeleza kwa nini.

Toa kadi ya kliniki uiweke mezani. Kilo za leo peke yake hazisemi mengi, angalia mwendo wa mstari. Mvulana aliyezaliwa na kilo 3.0 yuko chini kidogo ya mstari wa kati. Angefuata njia yake, kwa miezi 9 angekuwa na kilo 8 na kitu. Wako amepanda hadi mstari wa +2 (mstari wa kati ni wa mtoto wa wastani, +1 na +2 ni hatua za juu yake). Katika utafiti wa unene wa watoto, kupanda zaidi ya 0.67 ndani ya miaka miwili ya mwanzo (yaani theluthi mbili ya nafasi iliyopo kati ya mstari wa kati na wa +1) huhesabiwa kuwa ni kuongezeka uzito kwa kasi, na kasi hiyo ni mojawapo ya dalili za mapema zinazoaminika zaidi kwamba unene unaweza kumfuata mtoto hadi shuleni na ukubwani. Wako amepita kiwango hicho karibu mara nne. Tofautisha na mtoto njiti au aliyezaliwa na kilo 2 kasoro: huyo anahitaji kufidia, na hakuna wa kumzuia asiongezeke. Wako hakuwa na cha kufidia.

Sasa tupige hesabu ya chupa. Kijiko cha chai cha sukari, kikiwa sawa bila kilima, ni gramu 4. Vijiko vitatu mara chupa nne ni gramu 48, karibu kilokalori 190. Mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya vizuri anahitaji kilokalori 300 hivi kwa siku kutoka kwenye vyakula vya nyongeza vyote. Yaani sukari peke yake imekula karibu theluthi mbili ya nafasi ya chakula chake, kabla hujahesabu unga, karanga wala maziwa. Kama kuna anayetia kijiko kikubwa cha majarini ili uji ulainike, ongeza kilokalori 100 kwa kila kijiko. Na sukari hiyo haina chuma wala zinki, kwa hiyo mtoto anaweza kuwa mnene na wakati huohuo akawa na upungufu wa damu. Hili huwashangaza wengi, lakini kliniki ni jambo la kawaida.

Chombo chenyewe ni tatizo la pili, na naona ndilo linalopuuzwa zaidi. Uji wa lishe haupiti kwenye chuchu ya chupa ilivyotoka dukani, hivyo watu huipanua tundu kwa sindano iliyochomwa moto au huikata ncha kwa wembe. Itazame chuchu ya chupa yenu. Ukiinamisha chupa na uji ukatoka mfululizo badala ya tone kwa tone, mtoto hanyonyi tena, anamiminiwa. Chupa ya mililita 250 inakwisha kwa dakika chache, kabla mwili haujapata muda wa kumwambia ameshiba. Tumbo la mtoto huyu huingiza takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo chupa ile inalijaza robo tatu kwa mkupuo mmoja. Akigeuza shingo, akifumba midomo au akisukuma mkono wako, ameshiba. Anayelala na chupa mdomoni hawezi kufanya lolote kati ya hayo. Kumlaza chali mapajani, kumbana pua na kummimina uji ni kubaya zaidi: uji unaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na mtoto anajifunza kwamba shibe yake haina maana.

Maziwa nayo yana nafasi yake. Ya mama yana protini gramu 1 hivi kwa mililita 100, ya ng'ombe zaidi ya gramu 3. Ulaya ulifanyika utafiti katika nchi 5 (Ujerumani, Ubelgiji, Italia, Hispania na Poland) kwa zaidi ya watoto 1,000 wa maziwa ya kopo. Waliopewa kopo lenye protini nyingi walikuwa wanene zaidi walipofika miaka 2, na walipofika miaka 6 uwezekano wao wa kuwa na unene uliopitiliza ulikuwa zaidi ya mara mbili ya wale wa protini kidogo. Kwa hiyo usiuchanganye uji wa soya, karanga na dagaa na maziwa ya ng'ombe, kisha juu yake ukampa kikombe kingine cha maziwa. Kwa anayetumia kopo, kosa kubwa ni kijiko cha kilima: kisawazishe kwa mgongo wa kisu, usikishindilie, na maji yapimwe kama kopo lenyewe linavyoelekeza.

Niseme wazi kuhusu kunyonyesha, maana humu jukwaani inaelezwa kama kinga kamili ya unene. Nyonyesha, kwa sababu faida zake kwa kuhara, nimonia na uhai wa mtoto hazina mjadala. Ila kwenye unene peke yake ushahidi umegawanyika: jaribio kubwa la Belarus, lililowahamasisha akina mama kunyonyesha zaidi, halikuonyesha watoto wembamba zaidi baada ya miaka. Ziwa la usiku haliwezi kufuta chupa nne za mchana.

Unene unaweza pia kuanzia kwenye mimba. Kwako dalili za hilo ni ndogo, kwa kuwa kilo 3.0 ni uzito mzuri. Lakini kwa mimba ijayo na kwa wasomaji wengine: sukari ya mama ikipanda inavuka kondo, mtoto anatengeneza insulini nyingi na kujaza mafuta akiwa tumboni. Kipimo hufanywa wiki ya 24 hadi 28 kwa kunywa gramu 75 za glukosi. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya 2013, ni kisukari cha mimba sukari ikianzia 5.1 mmol/L kabla ya kula, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili. Kipimo kimoja tu kikivuka, inatosha. Uzito wa mama nao una kiasi chake: mwenye BMI (uzito wa kilo ukigawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ya kawaida aongeze kilo 11.5 hadi 16 kwa mimba nzima, mwenye BMI ya 30 na zaidi kilo 5 hadi 9 tu. Kula "kwa ajili ya wawili" hakuna msingi. Na njaa nayo si salama. Vijana wa Uholanzi ambao mama zao walipitia njaa ya 1944 hadi 1945 katika nusu ya kwanza ya mimba walikutwa wanene kuliko wenzao walipofika miaka 19. Sigara ya mama mjamzito pia imo kwenye orodha ya vyanzo. Upasuaji wa uzazi na antibiotiki za utotoni hutajwa sana, lakini uhusiano wake ni dhaifu. Usikatae dawa aliyoandikiwa mtoto kwa hofu hiyo.

Urithi upo, jirani hajakosea kabisa. Ila mzazi hurithisha jeni pamoja na sufuria, na cha sufuria ndicho unachoweza kubadilisha wiki hii.

Kabla ya hatua zozote, nenda akapimwe urefu. Kadi nyingi hujazwa uzito kwa umri tu, na hapo ndipo unene hupita bila kuonekana. Chukua mtoto wa miaka 4 mwenye sentimeta 100 na kilo 19. Kwenye uzito kwa umri hajafika +2, hakuna wa kushtuka. Kwenye uzito kwa urefu amevuka +2, yaani ni mnene tayari, kwa sababu ni mfupi kidogo. Tanzania, ambako mwaka 2022 asilimia 30 ya watoto chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, kosa hili si dogo. Wako akiwa na sentimeta 76, kilo 11 hazijavuka +2 kwenye uzito kwa urefu. Akiwa na 70, amevuka. Chini ya miaka 2 hupimwa amelala, watu wawili: mmoja ashike kichwa kiguse ubao, mwingine anyooshe magoti na kuweka kibao kwenye nyayo. Goti likikunjwa, sentimeta mbili zinapotea na jibu lote linaharibika.

Hatua zenyewe. Chupa itoke kabisa, tumia bakuli lake mwenyewe, kijiko na kikombe cha wazi. Sukari ipunguzwe kijiko kimoja kila siku tatu hadi iishe. Ukiikata siku moja atagoma na bibi atairudisha. Ndizi mbivu iliyopondwa inatosha kuupa uji ladha. Uji uwe mzito, ukae kwenye kijiko bila kuchuruzika. Nafaka moja na jamii ya kunde moja zinatosha: vikombe 3 vya unga wa ulezi au mahindi kwa kikombe 1 cha soya au karanga zilizochambuliwa vizuri, zisizo na ukungu. Uji ubaki mlo mmoja kwa siku. Milo mingine iwe chakula cha nyumbani kilichopondwa: viazi na maharage, wali na samaki asiye na mwiba, ugali laini na mchicha, yai, maini mara moja kwa wiki. Kwa umri wake, kila mlo uanzie nusu kikombe cha mililita 250, usizidi robo tatu, mara 3 au 4. Kamua maziwa asubuhi uache nyumbani. Juisi, hata ya kukamua, na biskuti havihitajiki. Maziwa yaliyotolewa mafuta na dawa za kupunguza mwili ni marufuku kwa umri huu, ubongo wake bado unajengwa kwa mafuta hayo.

Mikono ya watu ndipo mpango huvunjikia. Andika kiasi kwenye karatasi, ibandike jikoni, na uweke alama ya nusu kikombe kwa kalamu ili dada wa kazi asikisie. Siku za mwanzo bila chupa atalia sana. Mpe ziwa, mbebe, usirudi nyuma. Usingizi wake uwe saa 12 hadi 16 kwa siku nzima, na simu ya katuni isiwe sehemu ya mlo wala ya kumbembeleza. Mwache atambae sakafuni badala ya kukaa kwenye kigari.

Usitegemee apungue kilo. Wavulana wa umri huu huongeza gramu 700 hivi kati ya mwezi wa 9 na wa 12, na urefu karibu sentimeta 4. Akiongeza chini ya hapo huku akirefuka na kuchangamka, ndicho tunachotaka. Akipungua uzito, au urefu ukisimama huku uzito ukipanda, au akiwa na njaa isiyotulia hata baada ya kushiba, au kama alizaliwa mlegevu akashindwa kunyonya, mpeleke kwa daktari bingwa wa watoto, hayo si ya uji tena.

Akishapimwa urefu, uandike hapa pamoja na tarehe na uzito wa siku hiyohiyo, tuuweke kwenye mchoro.