Samweli, Eli na sauti unayoikimbia

Hapa Moshi watu wengi ninaowajua hawaamui jambo mpaka wamempigia simu mtumishi wa Mungu. Waolewe au wasubiri, wauze kiwanja au wakiache, jibu litoke kwake. Ndugu zangu walipotaka kuuza kipande cha kihamba chetu, shamba la ukoo, Kibosho, watu wa maombi waliniletea majibu yanayopingana, na kila mmoja alisema ametumwa na Bwana.

Kilichonisaidia ni 1 Samweli 3, katika Biblia. Niliisoma jioni, aya chache chache, kwa sauti, simu ikiwa chumba kingine. Niliwachukua kuhani Eli aliyefifia macho, kijana Samweli aliyemtumikia, na ile taa ya Mungu ambayo haijazimika, nikawasoma wote kama wamo ndani yangu. Usomaji huu ni wa kale. Origen wa Aleksandria, katika karne ya 3, alifundisha kwamba Maandiko yana mwili, nafsi na roho, kama mtu. Mtawa Guigo wa Pili, karne ya 12, alieleza ngazi nne: kusoma, kutafakari, kuomba, kisha kutulia mbele za Mungu.

Samweli anaitwa na Mungu usiku, anadhani ni Eli, anamkimbilia. Mara tatu! Eli angeweza kudai kwamba ni yeye aliyeita, lakini anamrudisha kijana akalale na kusikiliza mwenyewe. Ukipata kiongozi wa namna hiyo, mshike. Anayetaka kila jambo lako lipitie kwake, tena na sadaka juu, kaa naye mbali.

Ukisoma, jiulize: ndani yangu ni nani anayekimbia huku na huku? Ni nani aliyechoka kuona? Usilazimishe jibu la shida yako siku hiyohiyo. Mimi niliona kwamba jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo. Nilichokuwa nakitafuta kwa watumishi ni mtu wa kumtanguliza mbele ya kaka yangu mkubwa.

Sasa, si kila kinachosemwa moyoni ni cha Mungu, na hapa wengi wanaponzwa. Neno alilopewa Samweli lilikuwa zito, juu ya nyumba ya mlezi wake, naye aliogopa kulisema. Sauti inayokusifia tu, itilie shaka. Tena asubuhi alifungua kwanza milango ya nyumba ya Bwana, kazi yake ya kila siku, ndipo akamweleza Eli yote. Nami jibu langu, kwamba tusiuze, nilimpelekea shangazi, mwinjilisti mstaafu. Aliniuliza kama ningesema hivyo hata kama nisingepata hata mche mmoja wa kahawa. Nikamwambia ndiyo.

Kwa kaka sikutaja ndoto wala unabii. Nilisema, "Kaka, shikamoo. Makaburi ya wazazi yamo mle, mimi sahihi sitaweka." Alinyamaza, kisha akasema tumwite mjomba, tukae upya.